Toto la nani? Namna ya kulisoma gazeti la watoto la Uganda

Mwalimu yeyote wa Kiswahili atakwambia kwamba "toto" si sawa na "mtoto". Ukimvua mtoto ile m- yake unamkuza: toto ni mtoto mnene, mtoto wa kudekezwa, yule anayebebwa mgongoni hata kama miguu yake imeshaanza kuburuza chini. Lakini Uganda, Toto ni jina la kurasa za watoto zinazotoka ndani ya Sunday Vision, gazeti la Jumapili la kampuni ya New Vision. Jina ni la Kiswahili, maandishi ni ya Kiingereza, na wasomaji wanaongea Luganda, Lusoga, Ateso au Lugbara wakiwa nyumbani. Sijawahi kusikia mtu akilishangaa hilo. Kiswahili chetu huku ndivyo kilivyo, kinaingia kwa mlango wa nyuma na kukaa kama mwenyeji.

Sidhani waliolichagua jina hilo walikuwa na sarufi akilini, ila limewaangukia pazuri, maana gazeti la watoto la Uganda limekuwa likibebwa tangu lilipozaliwa. Halijatembea kwa miguu yake. Anayetaka kulielewa, historia yake na hata vile vitendawili vya ukurasa wa mwisho, aanze kwa kuuliza liko mgongoni kwa nani.

Maana hapa pana fumbo. Sensa ya 2024 ilihesabu watu milioni 45.9, na karibu nusu yao ni watoto. Shule za msingi peke yake zina wanafunzi zaidi ya milioni 8. Kwa hesabu ya sokoni, hiyo ni bahari ya wateja. Hata hivyo, ukipita kwa wauza magazeti wa Kampala, Jinja au Mbale kutafuta jarida la watoto linalouzwa peke yake, kwa bei yake, na ambalo limedumu miaka ishirini, utarudi mikono mitupu. Wengi wanakimbilia jibu la haraka kwamba watu wa Uganda hawasomi. Mimi silikubali. Nimeona watoto wakisoma karatasi iliyofungiwa chapati, upande huu na upande ule, wakamaliza na kuomba nyingine.

Kinachokwaza ni kwamba mtoto hana pesa. Jarida la wapenzi wa mpira linanunuliwa na mpenzi wa mpira mwenyewe, la mapishi na mpishi. La watoto linasomwa na mmoja na kulipiwa na mwingine, na huyo mwingine hatoi pesa bure, ana lake analolitaka. Analolitaka ndilo linaloamua safu zipi ziwepo, ziwe ndefu kiasi gani, na hata jibu la chemshabongo liwekwe wapi.

Wa kwanza kubeba walikuwa wamisionari. Waanglikana wa CMS, shirika la wamisionari la Uingereza, walianzisha Ebifa mu Buganda mwaka 1907, na Mapadri Weupe, wamisionari wa Kikatoliki, wakafuata na Munno mwaka 1911. Yote mawili yalikuwa ya Kiluganda na ya watu wazima, lakini katika nyumba nyingi aliyejua kusoma alikuwa ni mtoto aliyetoka katekisimu, akiwasomea wazee. Katika Kiluganda, kitenzi *okusoma* kinabeba mambo mawili kwa pamoja, kusoma maandishi na kusali. Wakristo wa mwanzo waliitwa *abasomi*, wasomaji. Katika mazingira hayo hapakuwa na haja ya ukurasa wa mtoto. Palikuwa na msomi mdogo na msomi mkubwa, basi. Mzaha, mchoro wa kupaka rangi au hadithi ya sungura mjanja vingeonekana kama kucheza ndani ya kanisa.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili mambo yalilegea kidogo. East African Literature Bureau, iliyoundwa mwaka 1948 na kuhudumia Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, ilichapisha vitabu vyepesi kwa lugha za Afrika Mashariki, na mtoto akaanza kuonekana kuwa msomaji mwenye mahitaji yake. Kisha ikaja miaka ya 1970. Uchumi ulivurugika baada ya Waasia kufukuzwa mwaka 1972, bidhaa za kutoka nje zikawa adimu. Januari 1973, Padri Clement Kiggundu, mhariri wa Munno, aliuawa. Katika nchi ambamo mhariri anaokotwa akiwa maiti, nani atakaa mezani kupanga ukurasa wa vitendawili? Mwaka huohuo Idi Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, jambo lililoifanya lugha hii inuke harufu ya buti za askari kwa watu wengi wa kusini. Hilo nitalirudia.

New Vision lilianza mwaka 1986, baada ya vita vya msituni vilivyomwingiza Museveni madarakani. Ila kilichowapa watoto wa Uganda gazeti lao kweli hakikuwa amani. Kilikuwa ni ugonjwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilikadiriwa kwamba karibu asilimia 18 ya watu wazima nchini walikuwa na virusi vya UKIMWI. Mwanamuziki Philly Lutaaya alikuwa ameshajitokeza hadharani mwaka 1989 na kusema anao, akafariki Desemba ya mwaka huohuo. Redio zilikuwa zikipiga ngoma kutoa onyo. Vijana walisikia ngoma, lakini hawakuwa na mtu wa kumwuliza maswali. Oktoba 1993 likatoka Straight Talk, kwa msaada wa UNICEF, likiwa kijigazeti kilichochomekwa ndani ya New Vision. Jina lenyewe ni ahadi ya kusema bila kona. Mwandishi wa habari Catharine Watson alikuwa miongoni mwa walioliasisi, na mwaka 1997 likapata taasisi yake, Straight Talk Foundation. Mwaka 1998 akazaliwa mdogo wake, Young Talk, kwa watoto wa darasa la tano hadi la saba, wa miaka kumi hadi kumi na minne hivi.

Huu mwaka wa 1998 una maana. Mwaka mmoja nyuma yake serikali ilikuwa imeanzisha UPE, elimu ya msingi kwa wote, na idadi ya wanafunzi wa msingi iliruka kutoka milioni 3 hivi hadi zaidi ya milioni 5 kwa mwaka mmoja. Darasa lililozoea watoto arobaini likapokea mia. Kijigazeti kinachofika katika darasa la namna hiyo hakisomwi na mtoto mmoja kitandani. Kinasomwa kwa sauti na mmoja aliyesimama mbele, wengine wakiwa wamebanana kwenye madawati na sakafuni. Ndiyo maana sentensi zake zilikuwa fupi, aya zake fupi, na picha za watoto wenyewe zilijaa kila upande.

Hata kurasa zake nne zilikuwa na sababu. Chukua karatasi moja kubwa ya mashine ya magazeti, ikunje mara moja, una kurasa nne. Hakuna kubana pini, hakuna kushona, hakuna ukurasa wa kuchomoka njiani. Ukitaka kurasa zaidi unaongeza karatasi nyingine, na zinaongezeka nne nne. Wanaolilaumu jarida la watoto kwamba "lingeongeza ukurasa mmoja tu wa hadithi" hawajui kwamba ukurasa mmoja haupo. Ziko nne au hakuna.

Moyo wa Young Talk na kaka yake ulikuwa safu ya barua na maswali. Huwezi kuielewa nguvu yake bila kumjua *ssenga*. Katika Buganda, mambo ya mwili na ndoa msichana hafundishwi na mama yake, anafundishwa na ssenga, yaani shangazi. Watu wa pwani wana somo na kungwi, kazi ni ileile. Mzazi mwenyewe akilisema, ni aibu kwa wote wawili. Sasa fikiria miaka ya 1990. Shangazi amekufa, au yuko kijijini wewe uko bweni la shule, au yupo lakini anachokijua kuhusu huu ugonjwa mpya ni uvumi mtupu. Kiti cha ssenga kiko wazi, na gazeti likakikalia.

Safu ilifanya kazi hivi. Mtoto anauliza swali, mhariri au daktari anajibu kwa maneno machache. Swali lingeweza kuwa la hedhi, la mwalimu anayemwita mwanafunzi nyumbani kwake jioni, la mzazi anayetaka kumwoza binti aliye darasa la sita, au la mtoto aliyeachwa na wazazi waliofariki na sasa analea wadogo zake. Waandishi walikwenda pia mashuleni, wakakaa na watoto, wakarudi na maneno yao wenyewe. Jibu lilikuwa na thamani, lakini naona swali lilikuwa na thamani zaidi. Msichana wa Kabale akisoma kwamba msichana wa Arua ameuliza kilekile anachokiogopa, aibu inagawanyika. Ssenga hakuweza kufanya hivyo. Yeye alifundisha mmoja mmoja, chumbani, na siri ikabaki siri.

Wapinzani walikuwepo, na si wajinga wote. Wazazi na viongozi wa dini waliuliza nani amempa gazeti ruhusa ya kuzungumza na binti yangu juu ya mwili wake. Swali hilo halikwisha. Mwaka 2016 serikali ilipiga marufuku mafunzo ya jinsia ya aina fulani mashuleni, na mwaka 2018 ikatoa mwongozo mpya, ambao nao ulipingwa papo hapo. Kijigazeti cha watoto wa miaka kumi kilijifunza kutembea katikati: usianze mapema, baki shuleni, mwili unabadilika na si ugonjwa, akikugusa sema. Mambo ya kondomu yaliachiwa zaidi lile gazeti la kaka.

Huyo mbebaji wa pili, mfadhili, alikuwa na mgongo mpana. Nakala zilichapishwa kwa maelfu mengi kila toleo, zikafungwa katika vifurushi na kupelekwa shuleni moja kwa moja, bure. Zikatoka pia nakala za lugha kadhaa za nchini. Mwaka 2002 akazaliwa ndugu mwingine, Tree Talk, la kuhimiza watoto kupanda miti, na hili lilifika shuleni pamoja na mbegu. Nalipenda sana wazo hilo: gazeti ambalo ukishalisoma unaenda nje na jembe. Lakini mgongo wa mfadhili una tabia yake. Anakubeba kwa sababu ya safari yake, na safari ikibadilika anakushusha, hata kama wewe bado hujafika.

Anayebeba Toto ni wa aina nyingine, mwenye gazeti la biashara. Jumapili baba anachukua siasa na mpira, mama anachukua kurasa za nyumba, watoto wanagombania za kati. Mwenye gazeti anajua kwamba mtoto hawezi kununua, ila anaweza kulia. Mtoto anayeuliza "mmeleta gazeti?" kila Jumapili ni mwuzaji asiyelipwa mshahara. Nyuma yake wanasimama wenye matangazo: benki zenye akaunti za watoto, watengenezaji wa maziwa na juisi, shule za kulipia. Ndiyo maana Toto lilivuka karatasi likawa hata tamasha la watoto, lenye michezo na zawadi. Tamasha ni gazeti ambalo mdhamini anaweza kusimamisha hema lake ndani yake.

Sasa zitazame safu za kawaida za kurasa za aina hii, huyo mbebaji utamwona.

Picha za siku ya kuzaliwa. Watu wengi wanadhani ni za kujaza nafasi. La hasha, ndizo zinazouza. Mtoto mmoja akitokea akiwa na keki yake, baba ananunua nakala, shangazi ananunua, bibi anatumiwa ya kwake kijijini kwa basi. Safu hiyo ni ya mtoto kwa sura tu, wasomaji wake ni ukoo.

Marafiki wa kalamu. Jina, umri, darasa, ninapenda kuogelea na kusikiliza muziki, niandikieni kwa sanduku la posta namba fulani. Huku kwetu posta haipeleki barua mlangoni. Huna sanduku, huna anwani. Kwa hiyo ile safu, ukiisoma vizuri, ilikuwa ramani ya watoto ambao baba zao walikuwa na sanduku ofisini au shule zao zilikuwa na mabweni. Mtoto wa Karamoja, kule kwenye ukame, anayependa kuogelea hakutokea hapo kirahisi. Simu ya mkononi iliiua safu hii kimyakimya, na nadhani mimi ni miongoni mwa wachache tunaoilia.

Mchoro wa kupaka rangi ni mtego wa ufundi. Karatasi ya gazeti ni nyepesi na inafyonza: penseli ya rangi inakubali, lakini kalamu ya wino mzito inapenya hadi upande wa pili na kuharibu hadithi. Mhariri mwenye uzoefu hupanga nyuma ya mchoro kitu kisichouma kikipotea. Vivyo hivyo kwa kuponi ya shindano. Kuponi lazima iwe halisi, fotokopi haikubaliwi, na hapo unakuwa umeuza nakala tatu kwa nyumba yenye watoto watatu. Nyuma ya kuponi usiweke mwisho wa hadithi, la sivyo Jumatatu utapigiwa simu na wazazi.

Kuna pia hadithi ya picha, kuna unganisha nukta, kuna vitendawili. Katika vitendawili ndipo utamaduni wetu ungekaa kwa raha, kwani kila kabila lina mlango wake. Mganda anasema *Kkoyi kkoyi*, anaitikiwa *Lya*. Sisi tunasema Kitendawili, tunaitikiwa Tega. Lakini kitendawili cha nyumbani ni cha watu wawili. Anayeshindwa anatoa mji, mwuliza anauchukua, anautamba, ndipo anatoa jibu. Karatasi haichukui mji. Basi wahariri wakabuni njia mbili za kulificha jibu, na hizi ndizo kipimo changu ninapotaka kumjua mbebaji haraka. Jibu likiwa chini ya ukurasa huohuo, limegeuzwa miguu juu, mara nyingi gazeti limelipiwa na mtu anayetaka ujue. Likiwa "toleo lijalo", limelipiwa na mtu anayetaka urudi.

Yuko mbebaji wa nne, na siku hizi ndiye mwenye nguvu kuliko wote: mtihani. Mwisho wa darasa la saba watoto wanafanya PLE, mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi, masomo manne, Kiingereza, hesabu, sayansi na maarifa ya jamii. Alama bora ni 4, mbaya kabisa ni 36, na mzazi wa Uganda anazijua namba hizo kuliko namba ya simu ya ndugu yake. Magazeti yakagundua kwamba woga wa mzazi unanunua kuliko kilio cha mtoto. Zikaja kurasa kama Pass PLE za New Vision, zilizojaa maswali ya majaribio. Siwalaumu wanaozitoa wala wanaozinunua. Mtoto wa shule isiyo na vitabu anazihitaji kweli. Ila ni kurasa za ajabu kuitwa za watoto. Hazina mchoro wa kuchekesha, hazina barua, na hadithi ikiwemo inafuatwa na maswali kumi ya ufahamu.

Korona ilizipandisha daraja. Shule zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa zote hadi Januari 2022, kufungwa kwa muda mrefu kuliko nchi yoyote duniani. Masomo yakachapishwa magazetini, redioni yakasomwa. Kwa miezi kadhaa gazeti lilikuwa ndiyo shule, kwa yule ambaye nyumbani kwake gazeti liliingia. Gazeti kubwa la nchi linauza nakala za makumi ya maelfu. Ziweke kando ya watoto milioni 8 uone wangapi walibaki nje ya mlango, wakingoja jirani amalize kusoma.

Na Kiswahili? Kimekuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya katiba ya 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri liliamua kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Uamuzi upo, walimu ni wachache, na cha kusoma baada ya kengele ya saa kumi ni haba. Ukiwapima wabebaji wanne, utaona sababu. Misheni ilichagua lugha za wenyeji. Mwenye gazeti anafuata lugha ya matangazo, nayo ni Kiingereza. Mfadhili hufuata dharura. Mtihani, ambao ndio wenye mgongo imara leo, hauna Kiswahili kati ya yale masomo manne. Toto la Kiswahili halina wa kulibeba, na si kwamba halina wa kulisoma: wako Busia, wako Bombo, wako kwenye kambi za askari na polisi ambako watoto wanakikuza Kiswahili uwanjani bila kufundishwa. Wao hawakijui kama lugha ya buti. Wanakijua kama lugha ya mpira.

Nilifundisha darasa la nne katika shule moja ya mpakani ambako daftari zote zilivalishwa jalada la karatasi za magazeti, kama ilivyo desturi. Mtoto mmoja alikuwa amevalisha la kwake kwa ukurasa wa watoto, wa zamani kuliko yeye mwenyewe. Chemshabongo ilikuwa imeangukia mbele, na alikuwa ameijaza yote kwa penseli, ila neno moja la herufi saba, la kushuka. Aliniuliza kila wiki. Chini ya fumbo paliandikwa kwamba jibu ni toleo lijalo, na kila nilipomtembeza darasani kutafuta, tulikuta wenzake wamevalisha daftari zao kwa kurasa za siasa.